Darubini ya Bunduki ya Nyati

Bunduki ya nyati haipigi mbele tu, inapiga na nyuma. Aliyeishika hupokea teke begani, na bega lina nyama ya kulipunguza. Darubini iliyofungwa juu ya mtutu hupokea teke hilohilo na haina bega. Kwa miaka mingi niliamini kuwa kati ya Kasulu na Kibondo hakuna aliyelifikiria jambo hili kunizidi. Nilipompata mtu aliyelifikiria, ilifaa nifurahi kuwa nimepata mwenzangu wa mazungumzo. Sikufurahi. Nilimwonea wivu, na ninapoandika haya bado namwonea.

Kazi yangu ni saa na miwani. Nina kibanda Kasulu mjini, upande wa soko wanakouza mitumba. Sikusomea kazi hii. Nilimaliza darasa la saba Titye, na ninachokijua kuhusu mwanga na vioo nilikipata katika kitabu cha fizikia cha sekondari kilichotoka jalada, na katika kamera mbovu ambazo nilizifungua na kuzifunga mpaka zikakubali. Kutoka kamera nilihamia darubini za mkononi za askari wa wanyamapori, na kutoka hizo nikafika kwenye darubini za bunduki. Bunduki yenyewe siifungui, kwa kuwa sheria ina mafundi wake. Mimi naishia kwenye darubini, pete zinazoishika, na skurubu za pete hizo.

Aliyenifikisha huko ni daktari mmoja wa serikali, mtu wa Iringa, aliyehamishiwa Kasulu tukiwa wote bado vijana kiasi. Alikuja na miwani iliyokatika mkono. Wakati namsubirisha aliona kitabu changu, akaniuliza swali kuhusu lenzi, nikamjibu, akavuta kigoda akakaa. Jioni nyingi baada ya hapo alipita kibandani akitoka kazini. Alikuwa na bunduki nzito ya marehemu baba yake, imesajiliwa kwa jina lake, na kila msimu ukifunguliwa aliomba kibali cha kuwinda. Akipata, tulikwenda wote. Yeye alilenga, mimi nilibeba maji na kutunza darubini. Huko porini alinieleza mambo ya moyo na mapafu, nami nikamweleza kwa nini picha inapinduka ndani ya jicho. Sina rafiki mwingine wa namna ile, na nilipokuwa naye sikumhitaji mwingine.

Kisha akahamishiwa Kibondo.

Tulipigiana simu, lakini simu ina mtandao na ina haraka. Nikawa napanda pikipiki yangu kila nikipata nafasi, naifuata barabara hiyo ambayo vipande vingine vina lami na vingine bado ni vumbi jekundu na mashimo, nafika nimebadilika rangi. Safari ya kwanza nilimkuta kazini. Ya pili nilielekezwa kwenye duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi, na hapo nikamwona daktari wangu ameketi kwenye benchi, kikombe cha kahawa chungu mkononi, anacheka huku ameshika mbavu. Aliyekuwa anamchekesha ni mwenye duka.

Huyu ni mtu wa Tanga, mdogo kwangu kwa umri, mrefu, kofia nyeupe safi kichwani hata katika lile vumbi. Ana duka jingine Kasulu analolisimamia ndugu yake, kwa hiyo sura yake nilikuwa naifahamu. Alinyanyuka akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," huku akipiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana sisi. Makofi yake yalikuwa sahihi kabisa. Watu wa Kibondo walikuwa wanampenda kwa hilo, na akina mama wa sokoni walimwita mkwe wao. Mimi niliitikia nikakaa kwenye ncha ya benchi.

Nieleze kilichonichoma, maana ni rahisi kudhani ni ile kahawa waliyoinywa bila mimi. Kiswahili mimi nilikutana nacho darasani. Kwetu tulizungumza Kiha, na hadi leo kabla sijasema jambo la maana nalipanga kwanza kichwani. Yule bwana hakupanga kitu. Maneno yalimtoka na kumpendeza kila aliyesikia, utani ndani yake, heshima ndani yake, na daktari akamjibu papo kwa papo. Niliwasikiliza wakirushiana maneno kama watu wanaocheza mpira, na mimi mpira ukinifikia ulisimama.

Msimu wa juzi daktari alipata kibali cha nyati. Darubini yake ya zamani ilikuwa imeanza kuingiza ukungu ndani ya kioo, akanipigia simu nimtafutie nyingine. Alinipigia mimi. Siku ile nilifunga kibanda mapema nikaenda kumwambia mke wangu, naye akasema nina sura ya mtu aliyechumbiwa.

Niliitafuta kwa makini. Niliyomchagulia ilitoka Dar es Salaam kwa basi, ndefu, nzito, kioo cha mbele kipana kama mdomo wa glasi. Picha yake ilikuwa angavu kuliko yoyote niliyowahi kuitazama. Nilisimama mlangoni nikasoma bango lililo mbali ng'ambo ya barabara, hata msumari ulioota kutu nikauona. Ilibaki kujua kama itastahimili teke. Kwa hilo nilikuwa na njia yangu niliyoibuni mwenyewe: darubini naifunga kwa mpira wa tyubu juu ya keria ya pikipiki, kavu, bila kuizungushia kitu laini, naipeleka Kibondo. Ikifika na msalaba wake wa kulengea haujasogea, naipitisha. Niliona kuwa barabara ile ina hasira kuliko bunduki yoyote. Njia hii niliwahi kumweleza daktari na ilimfurahisha sana.

Darubini ilifika salama. Nilimkuta daktari pale pale dukani, nikaifungua mbele yao, nikaeleza ilikopita. Mtu wa Tanga aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akaitazama mbele na nyuma. Akaniuliza niliifungaje kwenye keria, kwa urefu wa pikipiki au kwa kukingama.

Nikasema kwa kukingama, maana ndivyo inavyokaa vizuri.

"Kaka," akasema, "pikipiki inatingisha. Bunduki inapiga. Na inapiga kwa urefu wake, toka mdomoni kuja kitakoni. Wewe hii umeipeleka matembezi."

Daktari akacheka. Hakukusudia ubaya, nalijua hilo. Lakini kile kicheko ndicho nilichokisikia kwenye benchi siku ile ya kwanza, na sasa kilikuwa juu yangu.

Mtu wa Tanga akaendelea, tena kwa upole, na upole wake ulinikera zaidi. Maisha yake yote anauza shokapu, akasema, na shokapu zimemfundisha kuwa kitu kizito hakipendi kuanzishwa ghafla. Bunduki inarudi nyuma ghafla, vioo na springi zilizo ndani ya darubini vinataka kubaki vilipo. Darubini ikiwa nzito, vinabaki kwa nguvu zaidi, na pete zinavutwa, skurubu zinavutwa. Akainama chini ya kaunta akatoa darubini aliyoletewa na binamu yake anayefanya kazi na wawindaji huko kwao. Ilikuwa fupi, nyembamba, bomba moja lililonyooka bila kupanuka mbele, haikuzi picha sana. Rangi yake ilikwisha kukwanguka. Nilitazama ndani. Kioo kilikuwa cha kawaida tu, pembeni kina kiza kidogo. Nikasema hivyo.

"Nyati hasomwi, kaka," akasema. "Nyati anaonekana tu."

Daktari alicheka tena. Nilisema tukazijaribu zote mbili, na nilipolisema hilo nilikuwa nimeshaanza kuogopa, kwa sababu alichosema kuhusu kukingama kilikuwa kweli. Nilikiona mara tu alipokitamka. Nimesoma mambo ya mwendo na uzito mara nyingi, naweza kuyaeleza kwa kuchora, na bado nilikuwa nafunga darubini kwa kukingama kwa sababu keria ilitaka hivyo. Muuza shokapu ambaye hajawahi kukifungua kitabu kile alikiona kabla kahawa yake haijapoa.

Tulikwenda kwenye machimbo ya zamani ya kokoto nje ya mji, daktari akiwa ameshachukua ruhusa polisi. Nilifunga darubini yangu kwanza. Daktari alisimama, akaegemeza bunduki kwenye fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu, akalenga boksi tulilolichorea alama. Risasi za mwanzo zilikaa karibu karibu, nikaanza kupumua. Baadaye moja ikaenda kushoto. Nyingine ikaenda juu. Daktari alidhani ni yeye, akafuta miwani, akapiga tena, na tundu jipya likawa ukingoni kabisa mwa boksi. Aliishusha bunduki. Niliifungua darubini kwenye pete, nikaitikisa karibu na sikio. Ndani kulikuwa na kitu kinatembea.

Mtu wa Tanga aliomba aisikie na yeye. Akaitikisa, akaitikisa tena kwa mapigo.

"Hii sasa ni kayamba," akasema.

Hata mimi nilitabasamu.

Yake aliifunga mwenyewe. Daktari alisimama wima, akaweka shavu kwenye bunduki, na mtu wa Tanga akaisogeza darubini mpaka daktari akasema picha imejaa vizuri, akakaza. Ikapigwa risasi nyingi kuliko yangu. Matundu yakakaa mahali pamoja, unaweza kuyafunika kwa kisahani cha chai.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshindwa kuhusu kifaa tu, na hilo naweza kulivumilia. Nitakwenda nyumbani, nitafikiri upya, nitabuni namna nyingine ya kupima. Ndivyo nilivyoishi. Lililofuata lilikuwa la aina nyingine. Tulipokuwa tunakusanya maganda ya risasi daktari alinivuta pembeni, akaanza kuongea huku anatazama viatu vyake, jambo asilolifanya hata anapowaeleza ndugu wa mgonjwa habari mbaya. Gari lake ni pikapu yenye safu moja tu ya viti mbele. Pembeni yake kuna nafasi ya askari wa wanyamapori, ambaye ni lazima, na mtu mmoja mwembamba. Safari hii alikuwa amemwahidi mtu wa Tanga.

"Unajua nilivyo hapa, Fundi," akasema. "Jirani zangu, manesi wangu, nusu yao ni Waislamu. Mwaka ule niliwaletea nyama wakaipokea kwa adabu, wakampa mbwa. Nikiwa na mtu wa kuchinja, wote tunakula."

Mimi ni Mkatoliki, baba yangu alikuwa katekista. Ningeweza kujifunza darubini, saa, kamera, redio, hata Kiswahili cha pwani kwa bidii. Kisu cha yule bwana hakijifunzwi kwenye kitabu. Nafasi yangu garini, ambayo kwa miaka yote hiyo niliihesabu kama sehemu ya mwili wangu, ilikuwa imechukuliwa kwa sababu ya haki kabisa, na sababu ya haki haikuachii hata mahali pa kununa. Nikasema ni sawa. Nikasema nitalala kwake, nitawaangalizia skurubu asubuhi kabla hawajaondoka, kisha nirudi Kasulu.

Asubuhi ile ilikuwa na baridi na ukungu, kama kawaida ya huku juu. Askari alikuwa anafunga maturubai nyuma ya pikapu. Mtu wa Tanga alikuja na kisu chake amekifunga kwenye kitambaa safi, akatusalimia sote, akanipa mfuko wa maandazi ya mkewe nile njiani. Nilikagua skurubu za pete. Zilikuwa zimekazwa vizuri, kwa mpangilio wa kukingamana, kidogo huku kidogo kule, kama ambavyo ningefanya mimi.

Ndipo daktari, kwa kutaka tu kuishika bunduki yake, akakaa chini kwenye ngazi ya nyumba, akaweka viwiko juu ya magoti, akalenga mti wa mbali, bunduki ikiwa tupu.

Nilimtazama kwa ubavuni. Daktari akiwa porini hapigi amesimama. Fimbo zile tatu ni za machimboni. Porini hukaa chini hivi hivi, na akikaa chini shingo yake hutoka mbele, kama anachungulia kooni mwa mgonjwa. Ni kwa sababu ya miwani yake. Mimi ndiye niliyeitengeneza na nazijua lenzi zake. Kwa mkao ule ukingo wa nyuma wa darubini ulikuwa karibu kabisa na kioo cha miwani. Angefyatua, teke lingeleta chuma kwenye kioo na kioo kwenye jicho. Darubini ilikuwa imepangwa kwa mtu aliyesimama wima. Aliyeipanga hajawahi kumwona daktari akikaa chini porini. Mimi nilimwona kila msimu.

Mtu wa Tanga alikuwa anaongea na askari, wanacheka. Nilishika bisibisi. Niliigeuza geuza mkononi muda wa kutosha kuwaza kwamba nikisema, darubini yake itakuwa kamili, itaondoka kamili, na safari yote itakuwa yake bila doa. Daktari akatoa jicho kwenye darubini, akageuka, akanitazama kwa jicho lile lile.

"Vipi, Fundi?"

"Iko nyuma mno," nikasema. "Kaa hivyo hivyo. Usinyanyuke."

Nililegeza pete. Bomba lilikuwa limenyooka, kwa hiyo liliteleza mbele bila kukwama popote. Ile yangu yenye mdomo mpana isingeweza kusogea kiasi hicho. Niliweka vidole vyangu kati ya paji la uso wake na ukingo wa darubini, nikasogeza mpaka vikaenea vyote vinne, nikamwuliza anaonaje, akasema picha imepungua kidogo pembeni. Nikamwambia aizoee hivyo. Nikakaza. Mtu wa Tanga alikuwa amesogea, amesimama nyuma yangu anatazama. Nilingoja aseme neno la kuchekesha.

"Hilo sikuliona, wallahi," akasema. "Ahsante, kaka. Ungeniachia balaa."

Alisema hivyo tu, bila aibu wala kujitetea, akampiga daktari bega, akapanda gari. Laiti angebisha. Walipotokomea nilikula andazi moja, lilikuwa na iliki, zuri, nikampa mlinzi wa nyumba ya daktari yaliyobaki.

Nyati walimpata. Habari niliipata kwanza kwa simu, sauti ya daktari ikikatika katika kwa mtandao, kisha mtu wa Tanga mwenyewe akaja Kasulu kuangalia duka lake, akaniletea kibandani fungu la nyama iliyokaushwa. Alivuta kigoda, kile kile cha daktari kwa kuwa sina kingine, akakaa, akaanza kusimulia. Alisimulia vizuri kama nilivyotegemea. Majani yalivyokuwa marefu, upepo ulivyogeuka, askari alivyowaonyesha kwa kidevu, daktari alivyoketi chini taratibu. Risasi moja. Nyati akaenda mbio kidogo, akapiga magoti, na yeye akakimbia na kisu akawahi. Wateja wawili waliokuja kuchukua saa zao walisimama wasikilize, wakasahau saa.

Nilimwacha amalize. Nilikuwa nimemwona daktari kwenye picha ya simu aliyonitumia, ameinama karibu na pembe za nyati, paji lake halina mkwaruzo, miwani imekaa sawa. Hakuna aliyelitaja hilo, na sikutegemea litajwe, kwa kuwa jeraha lenyewe halikutokea. Lakini kulikuwa na jambo nililohitaji kulijua, na aliyekuwepo ni yeye.

"Alipofyatua," nikamwuliza, "darubini ilimfikia usoni? Ilibaki nafasi kiasi gani?"

Mtu wa Tanga alifikiri. Aliniangalia kwa nia njema kabisa, anajitahidi kukumbuka.

"Sikutazama huko, kaka," akasema. "Nilikuwa namtazama nyati."

Nikainama nikaendelea na saa niliyokuwa nayo mezani. Mimi ningekuwa namtazama daktari.